Fidia ya Kibuyu cha Mzee Thobias

Arafa Mrisho alikuwa msomaji. Hilo liwekwe wazi mapema, maana wapo watakaosikia alivyomkimbiza mteja wake wa tatu wakadhani alikuwa mvivu wa kitabu. Wala. Shida yake ilikuwa kinyume: alisoma kila ukurasa, akauamini kila mstari, na siku ya kwanza alipoketi na Mzee Thobias alifanya mambo yote kama yalivyoandikwa. Ndiyo maana mzee wa watu alitoka mbio na hakusimama mpaka Mtera.

Ulikuwa mwaka ule uliofuata mvua za Elninyo. Dodoma ilikuwa inafunguka kwa vishindo. Mashirika ya umma yanauzwa, mabasi ya watu binafsi yanafukuzana barabarani, mitumba imetandazwa mpaka kwenye ngazi za maduka, na kila kona imeota baa yenye viti vya plastiki na mwamvuli wenye jina la bia. Mtu akipunguzwa kazini alipewa kiinua mgongo upande huu wa barabara, na baa inamkaribisha upande wa pili. Wengi walivuka, na baadhi yao hawakurudi tena kuwa wale waliokuwa.

Wakubwa walipoona hali inazidi, kikaanzishwa chuo kidogo cha kuwafundisha wahitimu wa vyuo vikuu kazi mpya: unasihi wa watu waliotekwa na pombe, bangi na unga. Mwaka mzima wa darasani na vitendo, na mwisho wake leseni. Bila leseni, huruhusiwi kuketi na mteja peke yako. Na walisisitiza umwite mteja, usimwite mlevi, hata kama kaingia akiimba.

Arafa alikuwa na shahada yake ya Mlimani na dawati lake la ustawi wa jamii, lakini aliviacha vyote kwa likizo ya masomo akaja kuanza upya. Kisa chake kilikuwa baba yake mdogo, Harithi, mchekeshaji wa mtaa mzima, mtu aliyeweza kuwachekesha hata waliokuja kumdai. Gongo lilimchukua taratibu. Ndugu walimhubiria, shehe akamhubiria, majirani wakamhubiria, na Arafa aliyekuwa sekondari wakati ule alikumbuka jambo moja lililomuuma mpaka leo: tangu Harithi alipoanza kunywa, hakuna aliyewahi tena kucheka naye.

Basi sharti la leseni lilikuwa hili. Kila mwanafunzi achukue mteja mmoja, amfikishe kutoka kikao cha kwanza hadi cha mwisho, na hicho cha mwisho kifanyike mbele ya mtahini kutoka Dar es Salaam. Mteja akikukimbia katikati, tafuta mwingine uanze moja. Wenzake Arafa walikuwa wameshafika mbali. Yeye alikuwa ameshapoteza wawili, muda unakwisha, na ofisi yake ilikuwa imemwandikia kwamba likizo ya masomo haiongezwi hata kwa siku. Huyu wa tatu akiondoka, ndiyo basi, arudi kwenye dawati na leseni aione kwa wenzake.

Wa tatu ndiye Mzee Thobias. Alikuwa Mgogo, dereva wa shirika moja la umma, akibeba nafaka kutoka vijiji vya Kondoa kama Busi na kuzileta mjini, na sifa yake kubwa ni kwamba hakuwahi kuchelewa wala kupinduka. Shirika likauzwa. Gari likauzwa. Thobias akabaki na koti la kazini na kiu. Aliyemleta ni binti yake Yasinta, mpiga chapa kwenye ofisi za Bunge, aliyemwambia waziwazi, "Baba, mimi nimepata mchumba. Tarehe ya kupokea mahari sitaji mpaka uende ukaongee na wale watu wa Kikuyu."

Watu wa Kikuyu, mtaa wa hapo Dodoma, ndio hao Arafa na wenzake, waliopewa chumba cha nyuma cha zahanati moja mtaani humo. Zamani kilikuwa stoo, na siku za joto bado kilinuka dawa ya vidonda. Arafa alikiandaa kwa mapenzi. Alivuta pazia ili mteja ajisikie salama. Akaelekeza viti viwili vitazamane. Juu ya kistuli akaweka glasi ya maji na kitambaa cheupe kilichopigwa pasi, endapo mteja atalia. Sura ya upole alikuwa ameifanyia mazoezi kwenye kioo cha nyumbani mpaka bibi yake akamuuliza kama anaumwa jino.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba, binti."

"Karibu uketi. Pole sana, Mzee. Nipo hapa kwa ajili yako. Tutakayozungumza hayatatoka nje ya chumba hiki."

Kisha akanyamaza. Kitabu kilisema ukimya ni zawadi kwa mteja, usiwe na pupa ya kuujaza.

Sasa mtu wa huku kwetu ukimwita kwenye chumba chenye pazia, ukamketisha, ukampa pole, ukamwekea maji na kitambaa, halafu ukamtazama kwa huruma bila kusema neno, anaelewa jambo moja tu. Hatupasuliani habari za msiba usoni. Tunakaribishana kwanza, tunapeana maji, tunanyamaza, mpaka mwenye msiba aulize mwenyewe. Mzee Thobias akauliza kama mtu mzima anavyopaswa kuuliza.

"Nani?"

"Nani?" akasema Arafa kwa sauti laini. Alikuwa amefundishwa kumrudishia mteja neno lake, ili ajue anasikilizwa.

"Ni Mazengo?" Mazengo ni mdogo wake, mvuvi wa bwawa la Mtera.

"Mazengo," akasema Arafa, akiitikia kwa kichwa taratibu.

"Kwenye maji?"

"Kwenye maji," akasema Arafa, na moyoni akafurahi kweli, maana hakuna mteja aliyewahi kufunguka kwake upesi namna ile.

Ukelele alioupiga Mzee Thobias ulisimamisha foleni ya chanjo ya watoto kule mbele. Aliruka kiti, akapitia dirisha lenye pazia badala ya mlango, na alipofika barabara ya Iringa alidandia lori la mkaa lililokuwa linarudi tupu. Mtera alifika akilia. Wanawake wa ufukweni, kuona mtu mzima analia kwa jina la Mazengo, nao wakaanza kulia. Mazengo mwenyewe akatoka majini na perege wake begani, akasikia kilio, akatupa samaki chini, akalia pamoja nao kwa muda mzuri kabla ya kuuliza ni nani aliyefariki.

Habari zilirudi Kikuyu kabla ya mzee mwenyewe. Mwalimu Debora, msimamizi wa Arafa, mwanamke mnene mwenye miwani ya kamba na subira inayopimwa kwa kijiko, alimwita akamwambia, "Arafa, nimefundisha Nairobi, nimefundisha Dar. Sijawahi kuona mteja anatolewa na mwanafunzi kwa kumuulia ndugu." Kisha akamshauri aanze kufungasha vitu vyake.

Arafa alikuwa ameketi kwenye benchi la nje, kichwa mikononi, akitunga maneno ya kuwaeleza watu wa nyumbani kwao, wakati kivuli chenye bakora kiliposimama mbele yake.

"Wewe binti!"

"Shikamoo, Mzee," akasema Arafa akinyanyuka.

Mzee hakuitikia. Kwa Dodoma, hiyo peke yake ni kesi.

"Umeniulia mdogo wangu! Nimelia mbele ya watu! Mazengo anadai nimemchuria, sasa anaogopa kuingia kwenye mtumbwi! Baba yako ni nani, nikamshitaki?"

"Mrisho, wa pale karibu na soko. Mzee wangu, nisamehe, mimi nili..."

"Kabila gani hao?"

"Sisi ni watu wa hapa hapa mjini, Mzee. Ila babu yetu mkubwa alitoka Unyamwezi na misafara, akaishia hapa."

Bakora ilishuka. Mzee Thobias alimtazama kuanzia kwenye ushungi hadi kwenye viatu, na kitu kikaanza kumtekenya tumboni kabla hakijafika usoni.

"Mnyamwezi?"

"Ndiyo."

"Mnyamwezi! Kumbe ni mtani! Na mimi najiuliza njia nzima, ni kiumbe gani huyu anaua watu kwa kukaa kimya? Si mseme tu! Wabeba mizigo nyie! Mnabebeshwa jino la tembo kutoka Tabora mpaka pwani, mnatembea miezi na miezi, na hamuulizi hata limejaa nini!"

Hapo Arafa alikuwa na njia mbili. Kitabu kilisema asibishane na mteja, asimtanie, asimweleze habari za kwao. Lakini Arafa alikuwa amekulia Dodoma, na alikuwa ameona msibani jinsi watani wanavyoingia wakidai marehemu alikuwa mchoyo, na wafiwa wanacheka na machozi mashavuni. Mgogo akikuanza na wewe Mnyamwezi ukanyamaza, umemtukana kuliko matusi yote. Na alikuwa ameshamnyamazia mzee huyu mara moja.

"Na nyie je?" akasema, akashika kiuno. "Babu yangu anapita hapa na jino begani, kiu imemkaba, anaomba maji, nyie mnamdai hongo! Hongo ya maji! Mpaka leo ukoo wetu makoo yamekauka!"

"Ndiyo maana ukashindwa kusema Mazengo mzima?"

"Ningesemaje, na hujaniletea hata kata moja ya maji!"

Mzee Thobias alicheka mpaka akalazimika kuketi kwenye benchi, na alipoketi hakuondoka tena. Arafa naye akaketi. Hawakuingia chumbani siku ile, wala pazia halikuhitajika. Na katikati ya kucheka, mzee akaanza kuongea kama vile mtu anavyoendelea na safari.

Alimwambia habari za binti yake mkubwa. Wakwe walikuja na ng'ombe wa mahari, wametembea nao tangu alfajiri, na baba wa binti hakuonekana. Alikuwa amelala kwenye zizi la mbuzi, amelewa tangu asubuhi. Aliyepokea ng'ombe ni jirani. Yasinta, mtoto mdogo wakati ule, ndiye aliyemkuta zizini, akamfunika kwa kanga ya mama yake ili wageni wasimwone. "Hajawahi kunitajia," alisema Mzee Thobias. "Hata siku moja. Angenitukana ingekuwa afadhali." Kicheko kilikuwa kimekwisha. "Safari hii nataka nisimame, mtani. Kwa miguu yangu. Nipokee ng'ombe wa Yasinta mwenyewe. Sitaki kingine."

Arafa alitamani kumwambia mambo mengi, na yote yalikuwa mahubiri. Akayameza.

Baada ya hapo mzee alikuja kila wiki. Salamu zilikuwa za heshima, shikamoo na marahaba, na baada ya marahaba tu matusi ya watani yanafunguliwa, kisha kazi inaanza. Mganga wa zahanati alimpima, akampa dawa za mikono kutetemeka na kumwambia apunguze kwa utaratibu, asikate ghafla. Mzee akapunguza. Mwalimu Debora alisikiliza vikao kwenye kaseti, kama ilivyokuwa desturi ya chuo na kwa ruhusa ya mteja, na kaseti ya kwanza aliirudisha nyuma mara kadhaa, akidhani redio imeharibika.

"Arafa. Hapa mteja amekuita punda wa Mwarabu, na wewe umemwita mwizi wa kisima. Huo ni ukurasa wa ngapi?"

"Haumo, Mwalimu."

"Najua haumo!" Akavua miwani, akaifuta, akaivaa. "Na kwa nini anakuja?"

Arafa alichukua kaseti yake, akaenda kuandaa kikao kingine.

Kisha ikatokea ile ya kibuyu. Jumatano moja mzee aliingia akaketi upandeupande, koti limevimba kwapani.

"Una nini humo, mtani?"

"Kibuyu changu." Akakitoa kwa fahari. Kilikuwa kibuyu kidogo cha kunywea, cheusi kwa kushikwa, shingo yake imezungushwa shanga nyekundu na nyeupe. "Cha baba yangu. Mimi kwenye plastiki sinywi, sina adabu hiyo mbaya. Nikitoka hapa napitia kilabuni kwa Mama Matonya. Kidogo tu, kuondoa vumbi."

Mkono wa Arafa ulitangulia, kitabu kikafuata baadaye sana. Alikinyakua kibuyu, akakiweka nyuma ya mgongo wake.

"Nimekikamata."

"Unasema?"

"Nimekikamata, mtani. Ukikitaka, kikomboe."

Kila mtu wa huku anaijua sheria hiyo. Mtani akikamata kitu chako, awe amekamata kiti msibani au sufuria harusini, hukichukui kwa nguvu na hukasiriki. Unatoa fidia, au kinabaki kwake. Mzee Thobias alipiga goti lake kwa kiganja.

"Mwizi wewe! Kizazi cha wezi! Haya, sema, fidia yake nini? Jogoo?"

Hapo, na namshukuru Mungu kwa ajili yake, Arafa akakumbuka alichosomea. Mteja ndiye anayejiwekea lengo, si mnasihi.

"Wewe mwenyewe unaonaje?" akauliza taratibu. "Kibuyu hiki, kwako, fidia yake iwe nini?"

Mzee hakucheka. Alitazama mlango, akatazama mikono yake. Arafa akanyamaza, na safari hii ukimya ulikaa mahali pake, hakuna aliyekufa ndani yake. Mwishowe mzee akainuka, akasema, "Nitafikiria," akatoka na koti lake limenywea ubavuni.

Mwalimu Debora alipokisikia kisa hicho kwenye kaseti alisimama. Mali ya mteja haikai kwa mnasihi, alisema, hilo liko ukurasa wa mwanzo kabisa, hata wavivu wanalifikia. Kirudishwe kabla Dakta Optatus hajafika, maana mtahini yule aliwahi kumfelisha mtu kwa kupokea pipi. Arafa aliitikia ndiyo, Mwalimu. Lakini kibuyu aliendelea kukifungia kabatini, akikifuta vumbi kila wiki, kwa sababu kumrudishia mtani kitu bila fidia ni kumwambia utani umekwisha, na alijua kwamba utani ukiisha, mzee naye amekwisha kuondoka.

Mzee Thobias alilalamika kuhusu plastiki mwezi mzima. Pombe ya kwenye kikombe cha plastiki ina ladha ya ndoo, alisema. Akapunguza kwa hasira. Kuna wiki aliteleza vibaya, akaja amejikunyata, hataki hata kutaniwa, na Arafa akamtania hivyohivyo mpaka akacheka, halafu akamsikiliza mpaka jua likahama dirishani. Akaanza tena. Yasinta akataja tarehe. Na tarehe yenyewe, bahati mbaya, ikaangukia wiki ileile ya mtihani.

Wiki mbili za mwisho mzee hakutokea. Mtu mwenye shughuli ya mahari ana mengi, Arafa alijiambia, na bado kila alipopita karibu na kilabu cha Mama Matonya shingo yake iligeuka yenyewe. Alijua jinsi shughuli hizo zinavyokwenda. Mtungi wa pombe ya mtama unawekwa katikati ya wageni, na katika nyumba ya kina Thobias baba wa binti ndiye anayeonja kwanza, kwa kibuyu cha nyumba, kisha ndiyo wengine wanakunywa. Ni heshima. Baba akikataa kuonja, amewatukana wakwe. Mtu aliyeshikilia miezi yote ile angeonja kidogo, na hicho kidogo ndicho kilichommaliza Harithi.

Asubuhi ya mtihani Dakta Optatus alikaa pembeni ya chumba, mrefu, mkavu, suti ya kijivu na kalamu mbili. Hakutabasamu hata kwa salamu. Mwalimu Debora alikuwa mlangoni akijipepea na faili. Kiti cha mteja kilikuwa kitupu. Kitambaa cheupe kilikuwa kwenye kistuli, kimekunjwa vilevile, hakijawahi kutumika tangu mwaka uanze.

"Mteja wako anajua saa?" aliuliza Dakta Optatus baada ya muda.

"Anajua, Dakta."

"Alikuwa dereva asiyechelewa," akaongeza Mwalimu Debora, na sauti yake ilikuwa na huruma, jambo lililomtisha Arafa kuliko kitu chochote.

Dakta alifunika kalamu ya kwanza. Alikuwa anaifunika ya pili wakati jogoo alipowika kwenye korido ya zahanati.

Mzee Thobias aliingia na koti lake limepigwa pasi, amenyoa ndevu, kwapani ana jogoo mwekundu mwenye hasira. Hakuyumba. Aliupita mlango katikati kabisa.

"Shikamoo, Mzee," akasema Arafa.

"Marahaba, mbeba mizigo." Akaketi, jogoo mapajani. "Nimechelewa kwa sababu ya huyu, amenikimbiza mtaa mzima. Sasa nyamaza, leo nasema mimi. Si ndivyo kitabu chako kinavyotaka?"

Akasimulia. Wakwe walikuja, ng'ombe wazuri, yeye amesimama getini tangu jua halijachomoza. Aliwahesabu mwenyewe, akawapokea mwenyewe, kwa mikono hii. Kisha mtungi ukaletwa. Watu wakanyamaza kumsubiri baba wa binti aonje, na harufu ikampanda puani. Yasinta alikuwa amesimama mlangoni mwa nyumba anamtazama. Ameshika kanga mkononi.

"Ameshika kanga, mtani. Tayari kabisa."

Arafa alisogeza kiti chake karibu.

"Nikainuka. Nikawaambia, wageni wangu, mnajua nyumba hii inaonja kwa kibuyu cha baba yangu, na bila kibuyu hicho mimi sionji. Na kibuyu kimekamatwa na mtani, Mnyamwezi wa mjini, na fidia bado sijaitoa." Akapiga goti. "Basi walicheka! Nani atabishana na hilo? Mkwe mkubwa anasema, ah, kama ni mtani, hakuna namna. Mazengo ndiye akaonja badala yangu, na alionja vizuri sana yule. Mimi nikaletewa togwa. Nimekunywa togwa mpaka jioni, nikiwa nimesimama. Yasinta akajitanda ile kanga mabegani, akaja akakaa karibu yangu."

Mwalimu Debora alikuwa ameacha kujipepea.

"Uliniuliza fidia," akasema mzee. "Nilisema nitafikiria. Nimefikiria. Fidia ni siku ile, nimeshaitoa. Lakini siwezi kuja mikono mitupu." Akamnyooshea Arafa jogoo.

Hapo Dakta Optatus akakohoa. "Samahani, Mzee. Mnasihi haruhusiwi kupokea zawadi kutoka kwa mteja. Ni kosa kubwa."

Mzee Thobias alimgeukia kwa mara ya kwanza. "Na wewe, bwana wa kalamu mbili, kwenu wapi?"

"Hilo halihusiani na..."

"Wapi?"

"Iringa," akasema Dakta Optatus.

"Mhehe!" Mzee alisimama na jogoo wake. "Mhehe! Huku Mnyamwezi, huku Mhehe! Nimezingirwa! Ndiyo maana ng'ombe mliotuibia zamani hawaonekani, kumbe mlijificha nao kwenye suti!"

Kalamu ya Dakta Optatus ilibaki hewani. Kitu kikapita usoni mwake, kikajaribu kuzuiliwa, kikashinda. Alinyanyuka mtu mzima na suti yake ya kijivu, akavuka chumba kwa hatua ndefu, akamnyang'anya mzee jogoo.

"Amekamatwa," akasema. "Mgogo kudai ng'ombe kwa Mhehe! Huyu hakombolewi hata mkija ukoo mzima!"

Chumba kililipuka. Mwalimu Debora alicheka mpaka miwani ikaning'inia kwenye kamba yake, na kina mama wa foleni ya chanjo wakaja kuchungulia dirishani.

Arafa alifungua kabati, akatoa kibuyu. Alikishika kwa mikono miwili, kama anavyopewa mtu mzima kitu, akampelekea mwenyewe.

Mzee Thobias alirudisha mikono yake nyuma ya mgongo.

"Kirudishe kabatini."

"Lakini umeshatoa fidia, mtani. Ni chako."

"Nimetoa fidia ili kikae. Yasinta ana mdogo wake, wakwe watakuja tena. Na watu wa ngoma watakuja, na majirani, na Mazengo kila akiuza samaki. Kikirudi nyumbani nitawaambia nini?" Akatikisa kichwa. "Wewe kishike tu. Ukiondoka Dodoma, uondoke nacho. Mimi nataka niweze kusema kimekamatwa, na iwe kweli."

Arafa akakikumbatia kibuyu kifuani. Dakta Optatus, jogoo amembana kwapani, alikuwa anaweka saini kwenye karatasi kwa mkono uliobaki, na manyoya mawili yakaangukia juu ya wino. Arafa aliiona saini, akaona na neno lililoandikwa juu yake, amefaulu, na machozi yakamtoka palepale, bila mpangilio. Alikuwa anamlilia Harithi na anacheka, vyote kwa pamoja.

Mzee Thobias akachukua kile kitambaa cheupe kwenye kistuli, akamkunjulia. Akamketisha kwenye kiti cha mteja. Akamsogezea glasi ya maji.

"Pole, binti," akasema kwa sauti laini. Kisha akanyamaza, akimtazama kwa huruma.

"Nani?" akauliza Arafa, akijifuta machozi.

"Hakuna," akasema Mzee Thobias. "Wote wazima."